Mpangaji Aliyetolewa Nyumbani Bila Amri ya Baraza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tunduma)



Katibu wetu aliponiomba niseme nanyi jioni ya leo alinipa jambo moja tu, akanionya nisitoke nje yake. Ameletewa barua tatu na wanachama, nazo zote zauliza neno moja ingawa waandishi wake hawajuani. Wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni muuguzi, wa tatu ni karani kama mimi. Kila mmoja alikuwa amepanga chumba hapa mjini. Kila mmoja amekwisha kutoka. Wala hakuna hata mmoja aliyepata kuona karatasi ya baraza au ya mahakama. Wauliza: Maadamu hatukutolewa kwa hukumu, bali tulitoka kwa miguu yetu wenyewe, je, tunalo dai, au jambo limekwisha?

Nitasema jibu tangu sasa, ili yule mwenye zamu ya usiku mpakani aondoke nalo. Jambo halikwisha. Mtu aliyefanyiwa vitendo hata asiweze kukaa katika chumba alichokilipia, huyo ametolewa, hata kama hakuna aliyemtamkia neno "toka". Kutokuwako kwa karatasi ya baraza hakumpi mwenye nyumba nguvu. Kwamwondolea nguvu, maana karatasi hiyo ndiyo ambayo ingemkinga.

Sasa niwaeleze habari za yule karani. Ameniruhusu kuzisema, ila jina lake tuliache. Alilipa kodi ya mwaka mzima mwezi wa Januari, kama ilivyo desturi ya mji huu, akampa na dalali fedha za mwezi mmoja. Mwezi wa Juni akatokea mtu wa kazi ya kutoa mizigo forodhani, akitaka nyumba nzima aifanye ghala, naye yuko tayari kulipa zaidi. Mwenye nyumba akamwambia karani kwa mdomo ahame ifikapo Jumapili. Karani akakataa, akaonyesha stakabadhi yake. Hakutukanwa wala hakusukumwa. Siku ya pili maji yakakatwa. Wiki iliyofuata mlango wa choo ukaondolewa, ati umelika na mchwa. Kisha wakaja mafundi wawili na ngazi, wakaezua bati zilizo juu ya chumba chake peke yake. Baridi ya Tunduma mwezi wa Juni mnaijua. Karani akawachukua wanawe wawili usiku ule ule akawapeleka kwa shemeji yake Vwawa, na siku ya tatu yeye naye akafuata na vyombo vyake. Leo mwenye nyumba akiulizwa ajibu kwa upole: "Mimi sikumfukuza mtu. Nilikuwa nikitengeneza paa langu."

Jibu hilo, ndugu zangu, limewashinda watu wengi katika mji huu. Wakilisikia huona kama kwamba sheria haina mahali pa kushika.

Yafaa kwanza tukumbuke kwa nini mambo haya yamekuwa mengi kwetu. Mji huu waishi kwa njia na mpaka. Barabara kuu ya kwenda Zambia yapita hapa, reli ya TAZARA yapita hapa, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019 malori hayana usiku wala mchana. Mkoa wa Songwe nao ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watumishi wengi waliletwa Vwawa, Tunduma na Mlowo, nao wote walihitaji mahali pa kulala. Chumba ambacho jana alikaa mwalimu, leo chatakiwa na wakala, na kesho na mfanyabiashara wa mahindi. Mwenye nyumba mwenye tamaa aona kwamba kumngoja mpangaji amalize mwaka wake ni hasara, na kwenda barazani kutampotezea miezi. Ndiyo maana hutumia kufuli, au bisibisi, au ngazi ya fundi.

Wako wasemao kwamba zamani mpangaji alikuwa na sheria yake, na sasa hana. Kwa sehemu wasema kweli. Palikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo, pamoja na mabaraza ya nyumba ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya watu wawili. Walakini kilichofutwa ni ule ulinzi wa sheria ile. Haki ya kukaa kwa amani mahali ulipopalipia imeandikwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, nayo yasimama. Nimewahi kumsikia hata mtumishi mwenzetu, mtu wa kusoma, akimwambia mpangaji kwamba "siku hizi hakuna sheria ya nyumba." Alikosea, na yule mpangaji alimwamini kwa sababu ya tai aliyoivaa.

Sheria hiyo yasema nini? Nitashika mambo manne.

La kwanza, upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo waweza kuwa wa mdomo. Msidanganywe kwamba bila mkataba ulioandikwa ninyi si wapangaji. Ukikaa katika chumba cha mtu kwa ridhaa yake, naye apokea kodi, wewe ni mpangaji, na upangaji wako wahesabiwa kwa kipindi cha kodi.

La pili lafuata hapo. Upangaji wa namna hiyo husimamishwa kwa notisi, na notisi haiwi fupi kuliko kipindi chenyewe. Alipaye kwa mwezi hupewa mwezi. Na yule aliyelipia muda maalumu uliopatanwa, mathalan mwaka kama karani wetu, ana haki ya kuumaliza madamu anatimiza masharti. "Uhame Jumapili" si notisi.

La tatu ndilo kubwa, nami naomba makarani mliandike. Katika kila upangaji, hata kama haikutajwa, sheria imetia ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji alipaye kodi na kushika masharti atakaa kwa utulivu pasipo kuingiliwa na mwenye nyumba wala na mtu atokaye upande wake. Basi litazameni paa la karani kwa ahadi hiyo. Baraza halilazimiki kuuliza kama mwenye nyumba alitamka neno la kufukuza. Lauliza kama aliyoyafanya yalimnyima mpangaji utulivu aliomwahidi. Mtu atengenezaye paa lake kweli kweli humwarifu mpangaji, huchagua siku, hufunika turubai, na jioni hurudisha bati. Huyu aliezua chumba kimoja, baada ya kukata maji, baada ya kumtaka mtu ahame, na hazikupita wiki mbili magunia ya mwenye ghala yakawa ndani. Mpangilio wa siku hizo wamshitaki wenyewe.

La nne, mpangaji aliyetolewa kinyume cha masharti ya upangaji wake huondolewa wajibu wa kulipa kodi ya mahali hapo tangu wakati huo, naye aweza kumdai mwenye nyumba kwa hasara aliyompatia. Kwa hiyo yule mwalimu, ambaye mwenye nyumba amfuata shuleni akimdai kodi ya miezi aliyokwisha kufungiwa kufuli, asilipe kwa hofu ya kuaibishwa mbele ya wanafunzi.

Tena kuna jambo la jinai. Kanuni ya Adhabu yamtia hatiani aingiaye kwa nguvu katika nyumba ili aitwae, hata kama ana haki ya kuingia humo. Na aharibuye mali ya mwenzake kwa makusudi ana kosa jingine. Mlango ukivunjwa na vyombo vikatupwa nje, mwende polisi, mpewe nambari ya taarifa. Walakini msitazamie kwamba polisi wataamua nani akae ndani. Hiyo si kazi yao, na mpangaji aliyekaa siku kumi akingoja askari amrudishie chumba amepoteza siku kumi.

Na mpangaji mwenye deni? Muuguzi wetu alikuwa nyuma kwa miezi miwili, nalo ndilo lililomfanya anyamaze. Aliona hana uso wa kwenda mbele ya mtu. Deni ni deni, na baraza litamwambia alilipe. Lakini dawa ya deni ni notisi na dai. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumhukumu mdaiwa wake, na kuitekeleza hukumu hiyo kwa mkono wake mwenyewe saa nne ya usiku. Wala vyombo vya mpangaji havigeuki kuwa vya mwenye nyumba kwa kuwa vimefungiwa chumbani.

Nisimame kidogo kwa ajili ya wale wakaao katika nyumba za kazi. Mambo yenu ni mbali na haya. Aliyepewa nyumba na mwajiri kwa sababu ya cheo chake huifuata kazi na taratibu za utumishi, na akihamishwa nyumba humtoka. Asije mtu kesho akaniambia kwamba hotuba hii ilimpa haki ya kukaa katika nyumba ya Serikali baada ya kuhamishiwa Ileje.

Nalo la Nakonde lisisahauliwe, maana wako kati yetu waliovuka kwa sababu vyumba vya huko vimewafaa. Chumba kilicho ng'ambo kimo chini ya sheria ya Zambia. Huko iko sheria ya kodi za nyumba ya mwaka 1972, na kwa nyumba za kukaa watu ambazo sheria hiyo yazihusu mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji ila kwa amri ya mahakama. Ni vyema kuijua. Lakini hapana baraza la upande huu litakalosikiliza shauri la chumba cha upande ule, hata kama mpangaji na mwenye nyumba wote wawili ni wazaliwa wa Mbozi.

Sasa tuje kwenye siku zile za kwanza, maana hapo ndipo mashauri mengi hupotea. Nitajisema mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika kituo kingine, nilirudi kutoka safari ya kikazi nikakuta kufuli ngeni mlangoni na sanduku langu barazani. Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi minne mbele. Nikaona ni aibu kwa mtumishi kugombana hadharani. Nikalichukua sanduku, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wangu wa zamani kwa heshima, nikaenda. Nilipopata akili ya kudai, sikuwa na kitu mkononi. Kodi nilimpa dalali bila stakabadhi, siku ya kufuli hakuwako shahidi niliyemwita, na ule ufunguo mwenye nyumba aliwaonyesha watu akisema, "Tazameni, alinirudishia mwenyewe." Adabu yangu iligeuzwa kuwa ushahidi juu yangu.

Basi msirudishe ufunguo pasipo maandishi yasemayo kwa nini mwarudisha. Msitie sahihi karatasi yoyote yenye neno "kwa hiari yangu," hata mkiambiwa ndiyo njia ya kupewa vyombo vyenu. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aje aone kwa macho yake. Jirani mmoja asiye na ugomvi na mtu athamini kuliko ndugu watano. Simu mnazo: pigeni picha ya kufuli, ya mlango, ya paa, ya mita ya maji, kisha mzitunze. Ujumbe wa simu wa kutuma fedha za kodi ni stakabadhi, msiufute. Jioni ile ile andikeni katika daftari siku, saa, aliyekuwapo na lililosemwa. Kisha mwandikieni mwenye nyumba barua fupi isiyo na matusi, mkisema kwamba hamkuondoka kwa ridhaa, kodi yenu yafika tarehe fulani, nanyi mwataka kurudishiwa chumba au fedha. Nakala mbaki nayo. Karani wetu aliandika barua hiyo siku ya nne. Nadhani ndiyo itakayomwokoa.

Msivunje kufuli. Najua uchungu wake, lakini mkivunja, kesho ninyi ndio mtakaoitwa polisi.

Kwa wenye mikataba ya maandishi: mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu waweza kupingwa ukitolewa kuwa ushahidi. Ulipieni. Kama hamkulipa mapema, ushuru hulipwa baadaye pamoja na faini yake, kwa hiyo msiutupe mkataba kwa sababu hiyo.

Njia ya barazani ni hii. Sheria ya mwaka 2002 ya mabaraza ya ardhi ilibadilishwa mwaka 2021, na Baraza la Kata likaondolewa kazi ya kuhukumu, likabaki na kazi ya kupatanisha. Mpeleke lalamiko lenu kwanza katika Baraza la Kata ambako chumba kipo, si mahali mnapolala sasa. Karani asiende Vwawa kwa sababu shemeji yake yuko Vwawa. Huko wakili hasemi kwa kazi yake ya uwakili, kwa hiyo mwenye nyumba mwenye fedha hatawatisha kwa joho. Mkipatana, maandishi yawe na kiasi na tarehe za kulipa, maana "tumekubaliana atalipa" ni maneno ya mtu anayekwenda zake. Msipopatana, mpewe cheti cha kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Na zikipita siku 30 tangu mlipofungua lalamiko bila usuluhishi, mwaweza kuendelea mbele pasipo cheti hicho. Siku hizo 30 zihesabuni wenyewe. Hakuna atakayewaita kuwakumbusha.

Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hili ndilo lihukumulo. Mwaweza kusimama wenyewe, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya mabaraza na mahakama. Ombeni wazi mnachokitaka, kwa maana baraza halitoi lisiloombwa: kurudishwa chumbani, au kodi ya miezi isiyotumika, vyombo vilivyozuiliwa, na hasara. Kama chumba bado hakijapewa mtu mwingine, ombeni upesi amri ya muda ya kuzuia asiingizwe mwingine hata shauri lisikilizwe. Asiyeridhika na hukumu hukata rufani Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Kuhusu hasara, Sheria ya Mikataba hutoa fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji wa mapatano. Nauli ya gari lililobeba vyombo, kodi ya juu zaidi ya chumba kipya, siku mbili za nyumba ya wageni: haya andikeni, kila moja na stakabadhi yake. Lakini mtu asidai faida ya biashara ya kuku aliyokuwa akiifikiria. Tena mtu asikae gesti miezi mitatu akingoja mwenye nyumba alipe. Sheria hutazama pia kama ulijitahidi kupunguza hasara yako.

Mtaniuliza, je, ni afadhali kuomba kurudi au kuomba fedha? Kwa maoni yangu, fedha, mara nyingi. Kurudi chini ya paa la mtu aliyekuezulia ni kulala jicho moja wazi. Ila wenye watoto walio katika muhula wa masomo, au mwenye mkataba uliobakiwa na muda mrefu, waombe kurudi, na kama baadaye watauza haki hiyo kwa mapatano, watauza kwa bei nzuri zaidi. Wasioweza gharama wawatafute wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua, nao hufanya kazi bila malipo kwa wasio na uwezo.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kwangu kulisema. Katika zile barua tatu, moja yamhusu mwenye nyumba ambaye ni mwanachama wa chama hiki. Simtaji, naye huenda yumo humu ukumbini. Wengi wetu tumejenga vyumba vya kupangisha. Mimi mwenyewe ninavyo viwili. Twalalamika mshahara ukikatwa bila barua, kisha nyumbani twakata maji ya mtu bila barua. Napendekeza, Bwana Mwenyekiti, kwamba Halmashauri imwite mwanachama huyo na yule aliyemlalamikia, kabla ya siku 30 za Baraza la Kata kwisha, na kodi iliyobaki irudishwe mbele ya Katibu kwa maandishi. Akikataa, chama kimpe mlalamikaji mtu wa kufuatana naye barazani, akashuhudie. Mimi niko tayari kuwa mtu huyo.

Karani wetu ataitwa katika Baraza la Kata Alhamisi ijayo, saa tatu ya asubuhi. Picha za paa anazo, barua ya siku ya nne anayo, na mjumbe amekubali kuja. Wenye nafasi wasiokuwa zamu wafike.

Mwenye swali na aulize.